Mchanga Haujui Kwao

"Mchanga haujui kwao, mpwa wangu. Ukamate, uuhoji."

Hayo aliyasema mjomba wangu kwenye mkutano wa mtaa, amekaa kiti cha mbele, mguu mmoja juu ya mwingine, na ukumbi mzima ukacheka. Nawakumbuka waliocheka. Kinyozi alicheka mpaka akajifuta macho kwa taulo la kazi. Mwalimu mstaafu alicheka kwa pua. Muuza mkaa, ambaye wiki ileile alinishika mkono akaniambia nisirudi nyuma, alicheka kichwa kikiwa chini, akidhani simwoni. Nilimwona. Kichwa changu hakina mlango wa nyuma, kinachoingia hakitoki.

Nilikuwa nimesimama kusema jambo ambalo kila mtu mle ndani alilijua. Malori ya mjomba yalikuwa yanachota mchanga wa pwani yetu alfajiri, maji yakishatoka. Yanaufunika kwa turubai, yanaizunguka rasi na kwenda kuumwaga upande wa pili, kwenye hoteli mpya iliyojengwa juu ya mawe matupu na ambayo sasa ilitaka pwani ya kuwaonyesha wageni. Mjomba alikuwa na kibali cha mchanga wa mto, wa machimbo ya bara, na kila akiulizwa alikitoa mfukoni kwa upole, kama mtu anayekuonyesha picha ya mjukuu wake. Madereva walikuwa vijana wetu wenyewe. Aliyefungua mdomo, kesho yake hakuwa na usukani. Basi midomo ikafungwa, na Bwana Mazingira, ofisa aliyeletwa kutusikiliza, akajikuna shingo kwa kalamu na kusema kwamba bila ushahidi, mchanga ni mchanga tu.

Sokoni wananiita Kipaza, na wanaamini naweza kugombana hata na mvua. Lakini siku ile sikuwa na siasa yoyote. Nilitaka kaburi la mama yangu lisiingie baharini. Hilo tu.

Mama alizikwa juu ya ukingo, nyuma ya nyumba yetu, pale alipokuwa akianika nguo, kwa sababu alisema hataki kulala mahali asipoisikia bahari. Wakati ule, kutoka pale kushuka hadi majini mtoto aliomba kubebwa. Mchanga wa chini ulipoanza kuondoka, ukingo nao ukaanza kumeguka. Kwanza zilikwenda nguzo za kamba ya nguo. Mvua zilizofuata likaenda jiko, na masufuria mawili tuliyaona kesho yake yakielea kama yanacheza. Sasa ukilala kifudifudi, kichwa kikiwa kwenye kaburi, miguu inaning'inia hewani. Najua kwa sababu nililala. Na maji makubwa ya bamvua, yale yanayopanda kuliko yote kwa mwaka, yalikuwa njiani.

Na huyo anayemchimba mama chini ya mgongo ni mdogo wake wa tumbo moja. Wazazi wao walikufa mapema. Mama ndiye aliyembeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado ananyonya kidole. Mama ndiye aliyekula ukoko ili mjomba ale chakula. Siku ya mazishi ya mama, mjomba alilia kuliko sisi watoto, akagaagaa, watu watatu wakamshika. Hilo nalo sijalisahau.

Shule niliiacha mapema. Nasimama kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na misumari tunaifunga kwa magazeti ya zamani. Elimu yangu yote imepita kwenye magazeti hayo: nimeisoma dunia vipandevipande, kati ya kilo moja ya misumari na nyingine, ndiyo maana najua mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa machache. Lakini jambo hili mwisho wake nilitaka kuuona kwa macho yangu.

Ukaja wenyewe kaunta, umevaa sare ya hoteli.

Alikuwa mtunza stoo wao, mwanamume mnene, mpole, anayependa kulalamika. Sisi tulimwita Bwana Stoo.

"Habari za hapa, Kipaza."

"Nzuri. Leo mnajenga nini?"

"Hatujengi, tunajihami. Nipe wavu wa madirisha, ule wa matundu madogo kabisa. Na dawa ya wadudu, yale madumu makubwa."

"Juzi si ulichukua?"

"Juzi nilichukua, jana yakaisha, leo wamerudi na shangazi zao." Akajiegemeza kaunta. "Vijidudu vya pwani, dada yangu. Rangi ya mchanga, vinaruka kama viroboto. Asubuhi wageni wanashuka kunywa chai, navyo vinapanda ngazi. Bibi mmoja kakikuta kimoja kwenye kikombe, kakipeleka hivyohivyo mpaka mezani kwa Madam, bosi wangu."

"Vinafuata makombo."

"Makombo yako jikoni, nyuma kabisa. Havina habari na jiko. Vinatoka mchangani, vinaipa bahari kisogo, vinakuja moja kwa moja chumba cha kulia. Nimekuta vingine vimekaukia chini ya ukuta, vimejipanga kama vinangoja kufunguliwa. Mdudu wa pwani kukimbia maji, umeona wapi?"

"Asubuhi tu?"

"Hata jioni, wahudumu wakisogeza vile viti vya kulalia."

"Na jioni vinakwenda upande uleule?"

"Uleule. Utadhani vina miadi."

Mkasi wa kukatia wavu ukabaki hewani mkononi mwangu. Nilikuwa nimekwisha kuondoka pale dukani, niko pwani yetu, mtoto, nimekasirika kwa sababu mdogo wangu amechukua kioo cha mama.

Kilikuwa kioo kidogo cha mkononi, mpini wake umefungwa uzi mwekundu, na mdogo wangu alikiiba kila alasiri aende kuchezea warukaji. Hivyo ndivyo tulivyowaita hao wadudu, ingawa yeye aliyesoma anasema si wadudu, ni ndugu wa uduvi. Mchana wanajificha chini ya mchanga wenye unyevu, kwenye ule mstari wa majani ya bahari ambapo maji hufika na kurudi. Ukiwafukua na kuwatupa kwenye mchanga mkavu, hawahangaiki. Wanageuka, wanakwenda moja kwa moja baharini, kwa sababu wakikauka wanakufa. Mdogo wangu alitaka kujua wanaijuaje njia. Akawatia katika beseni lenye kuta ndefu, wasione bahari wala nyumba, waone mbingu tu. Wakaenda upande wa bahari vilevile. Akalikinga jua kwa sinia, akawamulikia kwa kioo kutoka upande wa pili. Wakageuka, wote, kama watu walioitwa kwa majina.

"Wanafuata jua," nilimwambia, nikitaka kioo.

"Hawalifuati. Asubuhi wanalikimbilia, jioni wanalipa mgongo. Wanajua saa, dada. Wanajua saa hizi jua liko wapi na bahari yao iko wapi."

Mama alitukuta, akakipokea kioo, akatazama beseni. Hakutupiga. Aliwamwaga karibu na maji, akasema waende kwao.

Sasa sikia. Pwani yetu inatazama jua linapotoka. Kwa warukaji wetu, bahari ni mashariki. Hoteli iko upande wa pili wa rasi, bahari yake iko jua linapozama. Mrukaji wetu akimwagwa kule, atasoma jua kama alivyosoma siku zote, atakwenda mashariki kuitafuta bahari. Na mashariki, pale hotelini, ni chumba cha kulia.

"Kipaza, umelala?" Bwana Stoo akauliza.

"Usinunue dawa," nikasema. "Utaua leo, kesho lori litakuletea wengine. Mwambie Madam aite kituo cha utafiti wa bahari, kule bandarini. Mdogo wangu yuko pale, kazi yake ni hao hao. Na Bwana Mazingira naye aitwe, maana dawa haimwagwi pwani bila ruhusa yake. Na mkandarasi wa mchanga pia, asije akasema alisengenywa."

"Leo una roho nzuri."

"Nimeamka nayo."

Jioni nilikwenda kituoni. Mdogo wangu alikuwa ameinama juu ya boksi la kioo lenye mchanga, koti jeupe, nywele kazifunga kwa kalamu. Nilimweleza yote, pamoja na jina la mtu. Akavuta kiti.

"Dada, wewe ukipotewa na kiatu utasema mjomba."

"Nikikiona mguuni kwake, nitasema."

"Hao wametoka kule kwenye mawe, pembeni ya hoteli. Wamehamia mchanga mpya. Halafu taa za hoteli zinawachanganya. Taa zinaharibu viumbe vingi."

"Taa, saa ya chai ya asubuhi?"

Akasema, "Mjomba ndiye aliyenisimamia nikasoma. Siku ya mahafali alikaa kiti cha baba."

"Alikaa kiti cha baba. Sasa anachimba kitanda cha mama."

Akashika ukingo wa boksi. Mdogo wangu hajui kugombana. Akiguswa anarudi kwenye kazi yake, na ndipo nilipotaka arudi. Nikamwuliza, kwa upole ambao sikuwa nao, hao waliomo boksini mwake ni wa wapi.

"Walizaliwa humu. Wazazi wao niliwatoa pwani ya nyumbani."

"Wameshaiona bahari?"

"Hapana."

"Ukiwaweka juani wanakwenda wapi?"

"Mashariki," akasema. "Wanakwenda upande wa bahari ya mama zao."

"Basi wana adabu kuliko mtu mmoja ninayemjua."

"Nitapima," akasema, sauti imekuwa ngumu. "Nitapima mbele ya watu wote. Na ikionekana ni taa, utasimama kwenye ukumbi uleule, mbele ya walewale, umwombe mjomba radhi."

"Nitapiga magoti."

"Na uyapige kweli."

"Na wewe utasemaje ikionekana siyo taa?"

"Sijafikiria hivyo," akasema, na akanipa kisogo.

Siku ya kupima ilikuwa na jua zuri, jeupe, lisilo na wingu. Nilikuja na wavu wa madirisha begani, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Madam, mwenye hoteli, mwanamke mrefu anayetembea kama anayechelewa, alikuwa amesimama juu ya mchanga wake mpya kwa viatu vya kamba. Bwana Mazingira alikuwa na kofia na kalamu yake. Mjomba alifika wa mwisho, shati limepigwa pasi, akanukia marashi.

"Hamjambo, watoto wa dada yangu."

"Shikamoo, mjomba," tukasema wote wawili. Nilimpa shikamoo yake. Sikutaka aje kudai kwamba kuna kitu nilimnyang'anya.

"Marahaba. Na wewe Kipaza, umekuja kuuhoji mchanga?"

"Nimeleta wavu."

"Vizuri. Kazi ya mikono haina aibu." Akamgeukia Madam, akicheka. "Huyu angesoma kama mdogo wake, tungekuwa na waziri."

Mdogo wangu hakucheka. Aliweka chini beseni jeupe lenye kuta ndefu, akalisawazisha kwa kipima maji cha fundi alichokiazima dukani kwetu, akatandaza mchanga mkavu kidogo ndani. Alikuwa na vikopo viwili. Kimoja alikuwa amekijaza warukaji kutoka pembeni, penye mawe, mahali ambapo pwani ya zamani ilibaki na hakuna lori lililofika. Cha pili alikijaza pale pale mbele yetu, akifukua chini ya viti vya wageni.

"Tuanze na wenyeji," akasema, akageuza kikopo cha kwanza.

Jua lilikuwa juu ya paa la hoteli. Warukaji wa kwenye mawe wakatulia kidogo, wakalipa jua mgongo, wakaenda. Walijazana ukutani, upande wa bahari. Madam akaguna kwamba hao hawana shida, hao anawakaribisha.

Mdogo wangu akawaondoa, akageuza kikopo cha pili.

Walikwenda upande wa hoteli. Hawakutawanyika, hawakuzunguka. Walilikimbilia jua kwa miruko mifupi na kujirundika ukutani, upande wa chumba cha kulia, mmoja juu ya mwingine, wakikwaruza plastiki. Nilikuwa naweza kuwasikia. Yaani kaka zao wa mawe walikwenda huku, wao wakaenda kule, katika beseni lile lile, chini ya jua lile lile.

Nilimtazama mdogo wangu, sikulitazama beseni. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Harufu ya jikoni," mjomba akasema. "Wanasikia mikate."

"Na wale wa kwanza hawana pua?" nikauliza.

"Kipaza, acha wataalamu."

Mdogo wangu akaingiza mkono katika mfuko wa koti na kutoa kioo. Kioo cha mama, mpini wake bado una uzi mwekundu. Sikujua kwamba ndiye aliyekichukua baada ya mazishi. Nilikuwa nimewatuhumu nusu ya majirani. Akanipa ubao.

"Kinga jua, dada. Kivuli kijae beseni lote."

Nikakinga. Yeye akazunguka upande wa bahari, akachuchumaa, akalidaka jua kwa kioo na kulirudisha ndani ya beseni.

Warukaji wakageuka. Wote. Wakaiacha hoteli wakaja upande wa kioo.

Alirudia. Akaleta tena wale wa kwenye mawe, nao wakageuka kinyume chao, wakaenda upande wa hoteli. Akarudia tena na wa pili. Hakuna aliyemwomba arudie. Nadhani alikuwa anatafuta kosa lake mwenyewe, akilipata amwokoe mjomba. Bwana Mazingira alikuwa amepiga magoti, kofia mkononi, kama mtoto kwenye mchezo.

"Nieleze kwa lugha ya mtu wa kawaida," Madam akasema.

Mdogo wangu akasimama. "Hawafuati harufu, wala mteremko, wala taa. Wanasoma jua. Hawa wa kwenye mawe ni wa hapa, kwao bahari iko magharibi. Hawa wa kwenye mchanga wako, kwao bahari iko mashariki. Wametoka pwani inayotazama jua linapotoka." Akapumua. "Katika rasi hii yote kuna pwani moja tu ya namna hiyo. Ni ya nyumbani kwetu."

"Mwanangu," mjomba akasema, sauti ya asali, "jua limewachanganya tu hao."

"Jua halijawachanganya, mjomba. Wamehamishwa na mtu."

Mjomba akafanya alichokifanya maisha yake yote, akaanza kucheka. "Sawa. Tuseme ni wa kule. Kiumbe kinachokufa kikikauka, kimefikaje hapa? Lori, jua, upepo, turubai la moto. Wangefika wamekuwa vumbi. Bwana ofisa, andika hilo."

Bwana Mazingira akafungua kalamu. Lakini Madam alikuwa amekunja uso, akitafuta kitu kichwani.

"Ngoja," akasema. "Si wewe uliyenisifia, siku ile nilipolalamika mchanga umefika umelowa? Ukaniambia wenzako wote mchanga unawapeperukia njiani, wewe unaumwagia maji ya bahari kabla ya kuufunika."

"Maji ya bahari," Bwana Mazingira akasema polepole. "Kwenye machimbo ya mto. Bara."

Hapo ndipo aliponaswa, na alijinasa kwa mkono wake. Mtu wa bara angeuacha upeperuke, au angetafuta maji baridi. Lakini mjomba ni mtoto wa pwani. Babu alikuwa akitandaza mchanga uani na kuunyunyizia ndoo ya maji ya chumvi utulie, na sisi sote tumekua tukifanya hivyo bila kufikiri. Aliona mchanga wake unapepea, mkono ukaenda baharini wenyewe. Aliwanywesha mashahidi. Akawafunika wasichomwe na jua, akawabeba mpaka mlangoni, wazima, wanaruka.

"Basi," nikasema, "nimeuhoji."

Hakunitazama. Alimtazama mdogo wangu, muda mrefu, na mdogo wangu akageuza uso, akaanza kuwakusanya wanyama wake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, kama ukuta mbovu unaobomoka. Amri ikatoka kwa Bwana Mazingira mchanga urudishwe ulikotoka kabla ya bamvua. Madam akamfungia mjomba geti na kuwatuma watu wake wapakie. Madereva, waliokuwa wamefunga midomo kwa ajili ya usukani, wakaifungua wote kwa pamoja walipoona usukani wenyewe haupo. Malori yakaja kumwaga marundo chini ya ukingo wetu, yakaondoka. Kusambaza marundo hayo na kuyashindilia penye ufa ilikuwa kazi ya mjomba na watu wake. Watu hakuwa nao tena.

Akaja dukani, mchana, amevaa shati lile lile, halina pasi. Aliagiza misumari ambayo haihitaji. Nilimpimia.

"Mpwa wangu," akasema chini chini. "Wewe watu wanakusikiliza. Waambie ni madereva. Waambie mimi sikujua."

"Ulijua."

"Damu ni damu, Kipaza. Mimi ni mjomba wako. Mama yako angekuwepo..."

"Mama yupo," nikasema. "Yuko pale pale ulipomchimba. Nenda kamwambie yeye kwamba ni madereva."

Akatazama misumari kwenye gazeti. "Unataka nini?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo tangu siku ya kicheko. Nikamwambia nataka achukue koleo. Siyo kijana, siyo kibarua, yeye. Aanze chini ya kaburi, mchana kweupe, na asiondoke mpaka ufa uzibike. Akifanya hivyo, kwa Bwana Mazingira sitaongeza neno juu ya niliyokwisha kusema. Asipofanya, nina kumbukumbu nzuri, na yeye anajua ni kumbukumbu ya mambo mangapi.

"Mimi ni mzee."

"Koleo liko nyuma yako, ukutani. Chagua la mpini mrefu, mgongo hautakuuma sana."

Alikuja. Mtaa mzima ulikuja pia, kwa visingizio. Kinyozi alileta kigoda chake. Mwalimu mstaafu alisimama na mwavuli. Muuza mkaa alisimama mbali, halafu karibu. Sikumfukuza mtu. Nilitaka wote wawepo, wale wale, nione kama kuna atakayecheka. Hakucheka mtu.

Mjomba alichota, akatupa, akashindilia. Mwanzo alifanya kama mtu anayeonyesha wengine namna, halafu jasho likamwondolea maringo. Kila alipovunja rundo, warukaji walitoka. Walitulia kidogo juu ya mchanga mkavu, kisha wakateremka kwenda majini, wakipita kati ya viatu vyake kama yeye ni jiwe. Hakuna hata mmoja aliyekosea njia.

Mdogo wangu alimpelekea maji kwenye kikombe. Nilimwambia asimpe.

"Nitampa," akasema. "Wewe umepata ulichotaka, mimi nimempoteza mtu. Usiniamulie na kikombe."

Nikamwacha. Nilipomwona mjomba anakunywa, kikombe kwa mikono miwili, nikatambua kwamba tangu afike hajalitazama kaburi. Alikuwa anafanya kazi mgongo ukiwa umeuelekea ukingo, uso baharini. Hata akitupa mchanga nyuma, aliutupa kwa kukisia. Aliinama, akainuka, akapumzika, na kila mara macho yake yalikwenda kwenye maji. Alasiri ikaingia. Jua likahamia upande wa nyumba yetu.

"Nipe kioo," nikamwambia mdogo wangu.

"Cha nini?"

"Nipe tu."

Akakitoa mfukoni. Nikavua viatu. Nikateremka nikampita mjomba, nikaingia majini mpaka maji yakanifika magotini, nikageuka. Jua lilikuwa juu ya kaburi la mama. Nikalidaka kwa kioo chake, nikalirudisha.

Likampiga usoni. Akakunja macho, akainua mkono. Akasogea kushoto, nikamfuata. Akasogea kulia, nikamfuata.

"Kipaza, unanipofusha," akasema.

Nilikishika mpini wa uzi mwekundu kwa mikono miwili, usitetemeke. Kinyozi alisimama kutoka kwenye kigoda. Mjomba akajaribu kuinamisha kichwa afanye kazi hivyo hivyo, koleo likagonga mguu wake. Mwisho akafanya kitu pekee kilichobaki. Akageuka.

Akawa ametazamana na dada yake. Koleo likamwanguka. Nilimwona mabega yake yakishuka, na mdogo wangu akinipungia mkono kutoka juu, akiniashiria basi, inatosha.

Nilibaki pale majini na kioo, namulika kisogo chake, mpaka alipoinama akaliokota koleo na kuanza kuchota tena, uso ukiwa kaburini.